Kihispania Hakihitaji Visa ya Kiingereza

Nani alisema lazima upitie London ndio ufike Madrid? Madarasa ya Kihispania ninayoyajua hapa Nairobi yote huanza hivi: mwalimu anaandika "I am eating" ubaoni, chini yake "estoy comiendo", halafu mnaambiwa mkariri. Estar na gerundio, basi, mmemaliza vitendo vinavyoendelea. Na watu wanalipia hiyo.

Wanaotoka hapo wanaongea Kiingereza kwa maneno ya Kihispania. Wakisafiri kesho wanasema "mañana estoy viajando". Zii. Ni "mañana viajo", na wewe umekuwa ukisema "kesho nasafiri" tangu ujue kuongea. Ukimpigia beste yako wa Mexico simu, "¿qué haces?" inatosha kabisa. Unafanya nini? Atajua unauliza saa hii, vile tu -na- yetu inabeba "anakula nyama kila Jumapili" na "ngoja, anakula" bila mtu kuchanganyikiwa.

"Estoy comiendo" ipo, na inatumika sana. Lakini ina kazi yake: kukazia kwamba jambo liko katikati, au ni la muda. "Trabajo en un hotel" ni kazi yako. "Estoy trabajando en un hotel" inaweza kudokeza kwamba uko hapo kwa sasa tu, mengine tutaona. Mtu wa vibarua haelezwi hiyo tofauti mara mbili.

Inayoniudhi zaidi ni hii. Kiingereza kinasema "she is sitting", kwa hivyo mwanafunzi anasema "está sentando", na anayemsikiliza anangoja kuambiwa huyo dada anamketisha nani. Sahihi ni "está sentada". Sasa sisi husemaje? Amekaa. Hatusemi anakaa. Amelala, está dormida. Amesimama, está de pie. Jibu lilikuwa mdomoni mwako, ukalitema ili ukakope kwa jirani.

Na "llevo seis meses buscando trabajo"? Mwalimu anahangaika na "have been" nusu saa nzima. Kiswahili: nina miezi sita nikitafuta kazi. Hiyo -ki- imekaa palepale gerundio inapokaa. Huko Mexico utasikia pia "ando buscando trabajo", yaani nazunguka nikitafuta. (Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kukutisha nayo. Lakini hii haihitaji digrii, inahitaji masikio.)

Najua nitaambiwa vitabu vyenyewe vimeandikwa kwa Kiingereza. Sawa, lakini mwalimu si kitabu. Darasa lina watu thelathini wanaoongea Kiswahili kutoka asubuhi, kwa matatu, kwa kibanda cha chai, halafu wakiingia mlangoni wanaambiwa wakiache nje kama viatu vyenye matope.

Mwalimu, futa "I am eating". Andika "nakula", "nimekaa" na "nina miezi sita nikitafuta", kisha uwaulize kwa nini hawakusema "ninakaa". Wataanza kubishana. Hapo ndipo ulete Kihispania.