Acheni Wimbo Ufike

Imani moja imeota mizizi kwa vijana wanaoanza kazi ya u-DJ, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi: kwamba DJ mkali ni yule mwenye mkono mwepesi. Wimbo unaingia, unapigwa ubeti mmoja na kiitikio, unakatwa, unaingia mwingine, na kabla saa haijaisha nyimbo hamsini zimeshapita. Anayeacha wimbo uende hadi mwisho huonekana mvivu, au mshamba asiyejua kumiksi. Hoja yao ni moja tu, nayo ukiisikia harakaharaka ina busara: usiwape watu nafasi ya kuchoka. Mimi nasema hiyo ndiyo imani inayotuharibia kumbi. Mchezaji hachoshwi na wimbo ulioachwa ukafika unakokwenda. Anachoshwa na kuanza upya kila baada ya dakika moja, mwili ukiwa haujashika hata mdundo wa wimbo uliotangulia. Na DJ anayejifunza kukata kabla hajajifunza kusikiliza anajinyima elimu yenyewe ya kazi aliyoichagua.

Tuanze na muziki tuliokulia ndani yake. Wimbo wa dansi wa Kikongo, ule uliotoka Kinshasa ukaja kuzishika Dar es Salaam na Nairobi, umejengwa kwa sehemu mbili. Kwanza taratibu: mwimbaji anasimulia, wenzake wanamwitikia, gita la solo linajibu kwa adabu, na watu wanacheza kwa kushikana au hata wamekaa na vinywaji vyao. Kisha, baada ya dakika mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, mpigo unageuka. Mpiga solo anashika kipande kifupi na kukirudia, gita la rithim na la mi-solo yanamzunguka, dramu zinakazana, na ukumbi unainuka. Hilo ndilo sebene, ambalo wanamuziki wa dansi wa Tanzania waliliita pia chemko. Nguvu yake yote inatokana na kusubiriwa. “Mario” ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, inakaribia dakika 14, na ni miongoni mwa nyimbo zake zilizopendwa kuliko zote. Kabla ya hapo, enzi za santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo mrefu haukuweza kukaa upande mmoja, kwa hiyo watengenezaji waliugawa: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B, na mara nyingi utamu wa magita ulikuwa huko nyuma. Hata walipobanwa na ukubwa wa santuri walikataa kuutupa. Leo DJ mwenye laptopu isiyojua mpaka wa dakika anautupa kwa hiari yake. Anapiga ule ubeti wa kwanza ambao kila mtu anaujua, kisha anakata kabla magita hayajaanza kazi. Mwingine anafanya kinyume, anarukia sebene moja kwa moja, halafu anashangaa watu wamesimama tu. Hawakupandishwa, watalipuka vipi?

Taarab inatudai uvumilivu huohuo. Wimbo wa taarab ya kisasa wa dakika kumi si kioja. Katika sherehe ya akina mama ubeti wa kwanza ni wa kuingilia. Kila mmoja anausubiri ule unaomgusa, ule wenye fumbo ambalo angependa lisikiwe na fulani aliyekaa meza ya pili, ndipo ainuke na noti yake, acheze kwa madaha akienda kutunza. DJ anayekata kabla ya ubeti huo anamkatiza mtu aliyeshaanza kusimama, na hakuna wimbo mpya utakaomrudishia hamu aliyokuwa nayo. Amapiano nayo, ambayo sasa kila kijana anayeanza anataka kuipiga, inafundisha somo lilelile kutoka Afrika Kusini. Inakwenda kwa mapigo 110 hadi 115 hivi kwa dakika, na watayarishaji wake, akina Kabza De Small na DJ Maphorisa, huachia nyimbo za dakika sita, saba na kuendelea. Mwanzoni unasikia mchakacho mwepesi na kinanda. Ile besi nzito ya logi-dramu inacheleweshwa makusudi, watu wanaisikia inavyokaribia, mabega yanaanza kabla ya miguu. DJ wetu anaruka yote hayo, anaipiga besi nusu dakika, anahamia besi ya wimbo mwingine, kisha mwingine. Kinachokuja kila nusu dakika hakimshangazi mtu tena. Baada ya robo saa ukumbi mzima unaona nyimbo zote ni moja, na lawama anatupiwa mwenye muziki.

Imani hii ina chimbuko lake. Vijana wengi wamejifunza kwa kuiga miksi zinazosambazwa kwa ajili ya magari: zamani kwenye CD, sasa kwenye flashi, zinazopigwa ndani ya matatu, daladala na bajaji. Miksi ya gari ina kazi yake na inaifanya vizuri. Abiria anapanda Kariakoo na kushuka Ubungo. Anataka asikie wimbo anaoujua kabla ya kituo chake. Anayetazama video za miksi kwenye skrini ya matatu amekaa, amefungiwa kwenye kiti. Kijana anayeiga miksi hiyo neno kwa neno, siku akipewa ukumbi, anawapigia watu waliosimama kana kwamba nao wamekaa kwenye viti vya gari. Kuna chimbuko la pili ambalo halisemwi sana, nalo ni woga. Ukikata haraka huhitaji kujua wimbo una nini katika dakika yake ya nne. Huhitaji kuzikalisha nyimbo mbili pamoja kwa nusu dakika bila kugombana. Kosa lako likitokea, kelele za king'ora na sauti ya maiki zinalifunika na tayari umeshahama. Kasi inaficha udhaifu, ndiyo maana inawavutia wasiojiamini bado, na ndiyo maana haiwakomazi.

Watetezi wa mkono mwepesi hukimbilia New York. Wanasema, Kool Herc na Grandmaster Flash, mababa wa hip hop, si walikuwa wakikata na kurukaruka? Walikata kweli. Lakini tuangalie walikata ili wapate nini. Herc, mzaliwa wa Jamaika aliyepiga ile sherehe mashuhuri ya tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, aliona kwamba wachezaji wanasubiri kipande kifupi katikati ya wimbo ambapo vyombo vingine vinanyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Kipande hicho kilikuwa kinaisha upesi mno. Akachukua nakala mbili za santuri ileile, kikiisha kwenye moja anakianzisha kwenye ya pili, tena na tena. Flash akaja kuinoa mbinu hiyo hadi ikawa safi, akiweka alama kwenye santuri zake ili ajue hasa pa kurudia. Mikono yao ilikuwa myepesi ili sekunde chache za ngoma ziwe dakika nzima na zaidi. Walichotupa ni kile ambacho mchezaji hakukihitaji, na alichokihitaji walikirefusha. Anayekata kiitikio kinapoanza kunoga anatumia majina yao kufanya kinyume cha kazi yao.

Katika jiji hilohilo, upande wa disko, ushahidi ni mzito zaidi. David Mancuso, mwenye sherehe za The Loft zilizoanza mwaka 1970, aliikuta katika duka moja la Brooklyn santuri ya Manu Dibango wa Kamerun. “Soul Makossa” ilikuwa upande wa pili tu wa santuri iliyotolewa mwaka 1972 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kamerun. Mancuso akaipiga kwa wachezaji wake, ikashika moto, na mwaka 1973 ilikuwa inasikika kwenye redio za Marekani. Mtu huyu aliyeutambulisha wimbo wa Mwafrika kwa jiji zima baadaye aliacha kabisa kumiksi. Alipiga kila wimbo toka mwanzo hadi mwisho, akiuacha umalizike wenyewe, na watu wake walicheza hadi asubuhi. Wenzake walioendelea kumiksi walilalamikia ufupi wa nyimbo. Fundi wa miksi Tom Moulton akajaza upande mzima wa albamu ya Gloria Gaynor ya mwaka 1975 kwa nyimbo tatu zilizounganishwa bila kituo, dakika 19 hivi. Mwaka uliofuata kampuni ya Salsoul ikauza “Ten Percent” ya Double Exposure kwenye santuri ya inchi 12, ikiwa imerefushwa na DJ Walter Gibbons hadi kupita dakika tisa. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya ukubwa huo kuuzwa kwa umma kama singo. Santuri ambayo ni alama ya u-DJ duniani kote ilitengenezwa kwa sababu ma-DJ walitaka wimbo ukae muda mrefu zaidi.

Nitaambiwa hayo ni ya kale, kizazi cha simu hakina subira, na kwamba watu hupiga kelele za furaha kila wimbo mpya unapoingia. Kelele hizo ni za kweli, ila tujue zinasema nini. Mtu hupiga kelele kwa kuutambua wimbo. Ni salamu tu. DJ anayezitumia kama kipimo atazitafuta kila dakika, na atasahau kutazama chini kwenye miguu, ambako ndiko jibu liliko. Kuhusu subira, tusichanganye mtu aliyelala kitandani akipitisha video kwa kidole na mtu aliyevaa, akalipa nauli ya usiku na kiingilio ili acheze. Wa pili amekuja kukaa. Spotify huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa ukishafika sekunde 30. Hicho ni kipimo cha mfanyabiashara, na hakuna sababu ya kukihamishia ukumbini. Tena nyimbo nyingi za Bongo Fleva za leo zenyewe hazifiki dakika nne. Kilichokwisha kufupishwa studio unakikata tena cha nini?

Pingamizi la singeli ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa kuwa linatoka uswahilini kwetu. Muziki ule unakwenda mapigo 200, hata 300 kwa dakika. Je, si ushahidi kwamba damu yetu ni ya kasi? Kasi ya mapigo ni jambo moja na kasi ya kuhama wimbo ni jingine. Kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani za usiku kucha, huko Manzese na Mburahati, Dar es Salaam, mdundo mmoja wa singeli unaweza kuzungushwa muda mrefu, MC akimwaga maneno juu yake, wachezaji wakizidi kupandisha. Watayarishaji wake walichukua vijipande vya kinanda cha taarab na kuvirudia hadi vikawa wimbo mzima, yaani walifanya uswahilini kile Herc alichofanya Bronx. Nakubali pia kwamba kuna mahali kukata kunafaa: kwenye shindano la ma-DJ, kwenye dansihoo ambako kurudisha wimbo mwanzo ni sehemu ya mchezo, na kwenye harusi pale bibi na mjukuu wanapogombea uwanja mmoja. Hayo ni matumizi ya kisu. Ninachopinga ni kuishi na kisu mkononi usiku kucha.

Basi anayeanza ajifunze hesabu kwanza. Nyimbo nyingi za kuchezea huhesabika kwa mapigo manne manne, na mabadiliko huja baada ya makundi 8 au 16 ya mapigo hayo. Kwa amapiano ya mapigo 112, makundi 16, yaani fungu moja, ni sekunde 34 hivi. Ingiza wimbo wa pili mwanzoni mwa fungu jipya, besi yake ikiwa imezimwa, uuache ukae chini ya ule wa kwanza. Fungu likiisha, punguza besi ya wa kwanza na ufungue ya wa pili kwa mkupuo mmoja, kwani besi mbili zikilia pamoja spika zinakoroma na mchezaji anapotea. Kitufe cha kulinganisha mapigo sina ugomvi nacho, kitumie. Lakini ujue kwamba bendi za zamani zilirekodi bila mashine ya kuwashikia mwendo, na mara nyingi wimbo huishia kwa kasi kuliko ulivyoanza. Hapo kitufe kitakudanganya na sikio ndilo litakalokuokoa, na sikio hilo halipatikani kwa kusikiliza beti za kwanza. Chagua nyimbo ishirini, mdogo wangu, uzisikilize hadi sekunde ya mwisho, uandike kwenye daftari sebene linaingia dakika ya ngapi, mwimbaji ananyamaza wapi, ngoma zinabaki peke yake wapi. Ukipewa saa moja ukumbini, piga kumi na tano. Nanyi mnaokodi DJ kwa harusi na send-off, mnaomkabidhi orodha ya nyimbo mia moja kwa saa tatu, mmeshamlazimisha akate hata kabla hajafunga spika. Mpeni nyimbo thelathini mnazozipenda kweli, nyingine mwachieni mwenyewe achague.