Tuangalie na sahani ya futari

Mwandishi wa makala kuhusu funga ya Ramadhani na presha, umetupa nusu ya habari. Ni kweli funga inashusha presha. Utafiti wa London uliotoka mwaka 2021, uliowapima Waislamu 85 wa misikiti ya jiji hilo, ulikuta presha ya juu imeshuka kwa takriban mmHg 7 na ya chini kwa takriban mmHg 3, wala si kwa sababu ya kupungua uzito tu.

Lakini huku kwetu Pwani kinachotumaliza ni magharibi. Adhana ikilia tu, mtu anaanza na kaimati zinazochuruzika shira, sambusa, bajia, muhogo wa nazi na tambi za sukari, kisha baada ya tarawehe anadai pilau. Faida ya mchana kutwa inaliwa kwa saa moja!

La pili ni dawa. Wenye presha wengi humeza asubuhi, na Ramadhani ikiingia wanaacha kimyakimya. Jamani, nendeni kliniki kabla mwezi haujaandama, daktari awapangie za daku na za futari, hasa zile za kukojosha, maana zinaweza kumkausha mfungaji.

Na aliyetoka kupata shambulio la moyo juzi asijilazimishe kwa kuogopa maneno ya majirani. Kurani imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia kwa kulisha maskini. Kuitumia ruhusa ya Mola si upungufu wa imani.