Tovuti imehama, maneno yetu ya siri yaachwe

Ujumbe ulioingia kwenye kundi la WhatsApp la chama chetu cha akiba ulikuwa mfupi. Tovuti imehamishiwa seva nyingine. Anayeshindwa kuingia atume jina lake na neno lake la siri ili fundi "amrekebishie". Kabla sijamaliza kuusoma, wanachama kumi na mmoja walikuwa wameshatuma, mbele ya macho ya watu zaidi ya mia mbili. Mmoja wao ni mama anayeuza viazi karai mtaani kwetu. Neno alilotoa ndilo analotumia kwenye eCitizen. Nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyemsaidia kujisajili.

Fundi simdhanii ubaya. Alikuwa amekwama, na simu zilikuwa hazikatiki. Lakini alichoomba hakikuhitajika hata kidogo, na hilo ndilo nataka tulielewe, kwa maana misikiti, shule na vyama vingi huku Pwani sasa vina tovuti, na kila tovuti siku moja itahama.

Tovuti iliyojengwa sawasawa haihifadhi neno lako la siri. Hulipitisha kwenye hesabu ambayo mafundi huiita heshi, likatoka mlolongo wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa ulikotoka. Nazi ikishakunwa huirudishi kifuuni. Ukija kuingia, tovuti hulikuna upya neno uliloandika, kisha hulinganisha na kile ilichohifadhi. Kwa hiyo mbuzi ikibadilika, neno ni lile lile lakini machicha hayafanani, nawe unaambiwa umekosea.

Kwetu sisi ilikuwa hivi. Tovuti yetu inatumia WordPress. Kwa miaka mingi programu hiyo ilitumia heshi inayoanza na alama $P$, iliyojengwa juu ya MD5. Toleo la 6.8, lililotoka Aprili 2025, likahamia bcrypt, na heshi zake huanza na $wp$. Toleo jipya linazisoma zote mbili, na mtu akiingia heshi yake ya zamani hubadilishwa kimya kimya. Toleo la zamani halizijui zile mpya. Fundi wetu alihamisha kumbukumbu kutoka toleo jipya akaziweka kwenye seva yenye toleo la zamani, eti muundo wa kurasa ndio uliokuwa ukilikubali. Kila aliyekuwa ameingia tangu badiliko lile akafungiwa nje.

Dawa? Kupandisha toleo. Jioni ya siku ya pili rafiki yangu wa Kisauni alifanya hivyo, na watu wakaingia kwa maneno yao yale yale. Hakuna aliyehitaji kuulizwa chochote.

Kuna njia nyingine ya mkato ambayo pia nimeishuhudia: fundi anawapa wanachama wote neno moja, 123456 au jina la chama. Hapo yeyote anaweza kusoma salio na mkopo wa jirani yake. Na wanaosema heshi ya zamani inatosha wakumbuke LinkedIn mwaka 2012. Ilitumia SHA-1 bila kutia chumvi, yaani bila kuongeza herufi za kubahatisha kwenye kila neno ili ya watu wawili yasifanane. Heshi takriban milioni 6.5 zilivuja, na mwaka 2016 ikabainika waliohusika ni zaidi ya milioni 100.

Ikiwa kweli heshi haziokoleki, tovuti humtumia kila mmoja kiungo cha kuweka neno jipya kwa barua pepe yake. Vitabuni ni rahisi. Kwetu wazee wengi walifunguliwa barua pepe na kijana wa saiba, na funguo anazo yeye. Kiungo kitamfikia nani? Ndiyo maana nasema chama kipange siku, mtu aje ofisini na kitambulisho, aandike neno jipya kwa mkono wake mwenyewe, katibu akitazama pembeni.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haichagui kampuni kubwa peke yake. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, anayeisimamia anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Viongozi wetu nilipowatajia hilo walicheka.

Mkutano ni Jumamosi baada ya Alasiri. Nitaomba ule ujumbe na majibu yake vifutwe, na wale kumi na mmoja wabadilishe neno lile kila mahali walipolitumia. Kwa mama wa viazi nimeshakwenda. La eCitizen tumelibadilisha. La barua pepe bado, kwa kuwa hakumbuki ni nani aliyemfungulia.