Tupake Dawa Usiku Mmoja

Ndugu zangu wa Kwamsisi, muhula huu nimeona watoto wakitolewa mstarini, mbele ya shule nzima, kwa kosa la kujikuna. Waliambiwa wabebe madaftari yao warudi nyumbani, wasikanyage shuleni mpaka wapone. Wapone kwa dawa gani, hawakuambiwa. Binti mmoja aliificha mikono yake ndani ya sweta, na wenzake nyuma wakaanza kumwimbia jina ambalo siliandiki. Shule siitaji. Ingeweza kuwa yoyote, katika Kwamsisi ya huku Handeni au ile ya Korogwe mjini.

Upele tunaujua. Mdudu asiyeonekana kwa macho anachimba ngozi, jike linataga mayai humo, na ngozi ikigusana na ngozi kwa muda anahamia kwa mwingine. Tunalaza watoto wanne kitanda kimoja, kanga moja inazunguka nyumba nzima. Hayo hayahitaji semina.

Tusilolijua, au tunalolifumbia macho, ni hili: anayeupata kwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kuwashwa, na muda wote huo anaweza kuwaambukiza wengine. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyefukuzwa leo alikuwa nao kabla hajajikuna hata mara moja. Ameshalala na wadogo zake, ameshakaa dawati moja na hao waliobaki darasani wakimcheka. Tumemfukuza tuliyemwona, tukawabakisha tusiowaona, kisha tunajisifu kwamba tumelinda shule!

Tena tunathubutu kuuita ugonjwa wa wachafu. Mdudu aliye ndani ya ngozi sabuni haimfikii. Nimeona mama akimsugua mtoto kwa dodoki na sabuni ya mche mpaka ngozi inachubuka, kwa sababu jirani amemwaibisha. Michubuko hiyo huingia bakteria, inatunga usaha, na baadhi ya bakteria hao huweza kumletea mtoto ugonjwa wa figo. Aibu tuliyompa mama ndiyo iliyomfikisha mtoto huko.

Na nyinyi wauza dawa, ndugu zetu, mnisikilize. Mama anafika dirishani, anasema mwanawe anawashwa, anapewa tyubu ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na stiroidi humo humo. Hakuna aliyeangalia vidole vya mtoto. Stiroidi inatuliza muwasho siku chache, mama anashukuru, na mdudu anaendelea kutaga. Kwenye fangasi ni balaa zaidi: baka linafifia, halafu linatambaa na kupoteza umbo lake mpaka hata mtabibu anababaika. Mapunye nayo hayaponi kwa kupaka tu, kwa kuwa fangasi wamo ndani ya unywele wenyewe. Yanataka vidonge vya wiki kadhaa, vilivyoandikwa na mtabibu.

Upele kwa kawaida hutambulika bila maabara. Ni vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kitovuni, makalioni na sehemu za siri, na muwasho unaokolea usiku. Kisha liko swali moja la bure ambalo dirishani haliulizwi: nani mwingine nyumbani anajikuna?

Kidole kimoja hakivunji chawa, na huyu wa upele hata kuonekana haonekani. Ninachoomba ni hiki: kitongoji kizima kipake dawa usiku mmoja. Mwenyekiti wa kitongoji apite kaya kwa kaya aandike idadi ya watu, si majina ya wanaojikuna. Orodha imfikie mganga mfawidhi wa zahanati mapema, ili BBE, dawa ya upele ya kupaka, iagizwe ya kutosha watu wote, maana ikiisha katikati tumepoteza kazi. Jioni hiyo kila mtu aoge, akauke, apakwe kuanzia shingoni mpaka nyayoni, kati ya vidole, chini ya kucha, na huko mnakoona haya. Watoto wadogo dawa yao hupunguzwa makali, wao hupakwa na kichwani, ikiepushwa na macho na mdomo. Wachanga na wajawazito wapate maelekezo yao zahanati. Penye michubuko itauma. Mwambieni mtoto ukweli kabla hamjaanza. Atakayenawa mikono apake tena. Asubuhi nguo na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani, na kisichofulika kifungwe kwenye kiroba siku nne, kwani mdudu akikosa mwili wa mtu hufa ndani ya siku chache. Mrudie kupaka kama mtakavyoelekezwa. Muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 baada ya mdudu kufa, msikimbilie tyubu.

Wanaosema haiwezekani watazame Unguja. Kuanzia 2001 watu walimezeshwa ivermectin na albendazole kila mwaka kwa ajili ya matende na mabusha, na wagonjwa wa upele kwenye vituo vya afya wakapungua sana, ingawa upele haukuwa ndio uliolengwa. Ni kwa sababu walimeza wengi kwa pamoja.

Mkiwa mnawakagua watoto kwa mwanga wa mchana, tazameni pia baka lisilowasha, lililopauka, ambalo mtoto hahisi ukiligusa kwa unyoya. Huo huenda ni ukoma. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kuutokomeza kitaifa kama tatizo la afya ya jamii, lakini wagonjwa wapya bado wapo. Dawa ni bure, miezi 6 au 12, na ukiwahiwa hauachi kilema. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanafundishwa wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990. Tumwombe mganga mkuu wa wilaya atuletee mmoja wao hata kwa siku moja.

Fedha tuchange, viongozi watie mkono, njia itapatikana. Na madiwani wetu waendelee kubanwa kuhusu maji, kwa sababu kumwambia mama wa Handeni afue mashuka yote asubuhi moja wakati ndoo anaitafuta kwenye lambo ni kumdhihaki.

Lakini ninayekusihi kuliko wote ni wewe unayesema kwako hakuna anayejikuna. Paka. Mkeo apake, kijana anayelala na ng'ombe apake, bibi asiyetoka nje apakwe, mwanafunzi wa bweni aitwe. Zikibaki nyumba tatu zilizojiona safi, baada ya miezi miwili tutaanza upya, na watakaotolewa mstarini safari hiyo watakuwa wa kwako.