Mashua Yetu ya Aluminiamu: Povu Kwanza, Injini Baadaye



Katika mkutano wa tawi uliopita ilisemwa kwamba fedha zilizobaki baada ya kununua mashua ya kuvulia samaki zitumiwe kununua injini kubwa zaidi. Watu wengi walipiga makofi. Sisi wa karakana hapa Kisumu hatukupiga, na baadhi yenu mlituuliza kwa nini. Jibu letu ni hili: mashua ile haina kitu cha kuielekeza juu ikijaa maji, na fedha zile zafaa kununua kitu hicho kwanza.

Wengi wetu tumekulia karibu na mitumbwi ya mbao. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji hauendi chini. Utalala pale juu juu ya maji, na wavuvi wataushikilia mpaka wapate msaada. Basi watu hudhani kila chombo ni hivyo. Lakini aluminiamu si mbao. Chukua sufuria nyumbani, iweke juu ya maji katika karai, itaelea vizuri. Iinamishe kidogo maji yaingie, itakwenda chini mara moja. Mashua yetu ni sufuria kubwa, tena yenye injini nyuma.

Yule Mgiriki wa zamani, Archimedes, alionyesha kwamba kitu kilichozama husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. Aluminiamu ni nzito kuliko maji mara 2.7. Kwa hiyo ikizama hupunguziwa kilo 37 hivi katika kila kilo 100, na zile 63 zinabaki kuivuta chini. Chuma ni kibaya zaidi, hupunguziwa kama sehemu moja tu katika nane.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu haya yote ni maneno matupu. Mashua yenyewe bila injini ni kilo 100: itadai kilo 63. Injini tuliyo nayo, ya nguvu 15, ni kilo 50. Ndani yake mna chuma na aluminiamu, lakini twaihesabu yote. Nanga, mnyororo na spana ni kilo 30 za chuma: andika 26. Tangi la petroli tuliache, kwa sababu petroli ni nyepesi kuliko maji. Halafu watu wanne wa kilo 70 kila mmoja. Mtu aliyeketi ndani ya mashua iliyojaa maji hubebwa na maji kutoka kiunoni kwenda chini, basi twakadiria nusu ya uzito wake, kilo 35. Kwa wanne ni 140. Jumla ni kilo 279. Ongeza robo, kwa kuwa povu huchakaa na vitu huongezeka chomboni bila mtu kuona, tunapata kilo 349.

Lita moja ya maji ya ziwa ni kilo moja. Lita moja ya povu gumu la kuelea lenye uzito wa gramu 30 itanyanyua gramu 970. Gawanya, nasi twahitaji lita 360.

Nafasi ipo. Benchi la nyuma na la katikati, kila moja lina urefu wa sentimita 130, upana 30 na kina 30. Ukijaza yote mawili ni lita 234. Pande mbili za mashua, chini kidogo ya ukingo, pana nafasi ya kipande cha urefu wa mita 3, upana 15 na kimo 15 kila upande: lita 135. Jumla ni 369. Benchi la mbele libaki la majaketi ya kuelea na kamba.

Kuna waliosema povu liwekwe lote chini ya sakafu, mahali palipo wazi. Hapana. Povu lililo chini kabisa hutaka kupanda juu, nalo litaipindua mashua iliyojaa maji, watu wabaki wakishikilia tumbo lake linaloteleza. Povu la pembeni na juu ndilo huizuia isilale ubavu. Na nyuma liwe jingi kwa sababu injini iko huko. Wanaodai injini kubwa wafahamu kwamba kila kilo wanayoongeza pale nyuma yadai karibu lita moja na theluthi ya povu. Sisi watu wa reli hatukubali behewa lisilo na breki eti kwa kuwa injini ina nguvu.

Mwingine aliuliza kwa nini tusizibe mabenchi yakawa na hewa tu. Hewa ni nzuri mpaka pale panapotoboka. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na sehemu yake ikabaki juu ya maji. Walipoitoboa ili wawatoe watu waliokwama, hewa ilitoka nayo ikazama. Meli ni kitu kingine na mashua ni kitu kingine, lakini tabia ya hewa ni moja. Madebe ya plastiki ya lita 20, yakiwa matupu na kufungwa sana, yanaweza kutumika kwa muda, kama 19 hivi. Ila vifuniko hulegea na jua huyapasua.

Povu lenyewe lisinunuliwe ovyo. Lile jeupe la masanduku ya samaki huyeyuka likiguswa na petroli, na petroli humwagika katika kila mashua. Lile la magodoro hunywa maji. Kata kipande, kipime, kizamishe kwa jiwe juma zima, kisha ukipime tena. Kingine kitie katika kikombe cha petroli. Tena iachwe njia ya maji kutoka chini ya povu, kwa kuwa maji yaliyofungiwa humo huila aluminiamu polepole.

Baada ya kulitia, mashua ijazwe maji penye kina kifupi mbele ya wanachama wote. Injini ivuliwe, mahali pake ufungwe uzito wa chuma wa kilo 57, ambao majini ni sawa na 50. Nanga, mnyororo na spana ziwe mahali pake. Badala ya watu iwekwe kilo 160 za chuma, ambazo majini ni kama 140. Mifuko ya mchanga haifai, kwa sababu mchanga hupoteza uzito mwingi majini nasi tutajidanganya. Mwenye vyuma vikuukuu nyumbani avilete, vipimwe kwa mizani mbele ya watu. Kura ya injini ipigwe baada ya siku hiyo, siyo kabla.