Mfamasia Hujifunza Kwanza Kukataa



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, maswali huwa yale yale katika vikundi vyetu: nisome nini, nijiandikishe wapi, na je, masomo hayo yatanilisha? Famasia hutajwa mara nyingi miongoni mwa majibu. Sababu zinazotolewa ndizo zinazonitia wasiwasi. Husemwa kwamba watu hawaachi kuugua, kwamba dawa haikosi mnunuzi, na kwamba mwenye farmasi halali njaa. Wengine huongeza kwamba hata chuo kikuu si lazima: jirani fulani alikaa miezi mitatu nyuma ya meza ya mjomba wake, akavaa blauzi nyeupe, na leo mtaa mzima unamwita daktari.

Kama kazi ya mfamasia ingekuwa kuuza tu, wanaosema hivyo wangekuwa na haki. Miezi mitatu yatosha kujua bei na kupanga masanduku. Lakini masomo ya famasia, ambayo huchukua si chini ya miaka mitano, hayafundishi kuuza. Ukiyatazama somo baada ya somo, utaona yanafundisha jambo ambalo mfanyabiashara halipendi: kujua ni lini dawa isitolewe, na kuwa na sababu ya kusema hivyo.

Tuanze na miaka ya kwanza, ile inayowachosha wengi. Kinshasa na Lubumbashi, ambako vyuo vikuu vina kitivo cha famasia, mwanafunzi hukutana kwanza na kemia, biolojia, fizikia, hesabu na elimu ya mimea. Huenda akauliza: mimea ya nini, nami nimekuja kujifunza dawa? Basi akumbuke kwinini. Tangu zamani gome la mti wa sinkona lilitumiwa kutibu homa. Mwaka 1820, huko Paris, wafamasia wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kwinini yenyewe kutoka katika gome hilo. Mti huo ulikuja kupandwa hata kwetu, katika milima ya Kivu.

Kazi ya wawili hao ilikuwa na faida gani? Magome mawili yanayofanana machoni hayana kiasi kimoja cha kwinini. Anayekunywa kikombe cha gome lililochemshwa hajui amekunywa kiasi gani. Anayemeza kidonge kilichopimwa vizuri anajua. Kwinini ikipungua, malaria haiponi. Ikizidi, masikio huvuma, sukari ya damu hushuka, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kwa hiyo mwanafunzi hafundishwi kuidharau miti ya wazee wetu. Hufundishwa kutoridhika na jina la mti kabla ya kujua kipimo.

Neno hilo, kipimo, ndilo linaloongoza miaka inayofuata. Katika farmakolojia mwanafunzi hufuata safari ya kidonge mwilini: tumbo, utumbo, damu, ini linalokivunja, figo zinazotoa mabaki yake. Katika toksikolojia, yaani elimu ya sumu, hujifunza kwamba kitu kile kile kinachoponya chaweza kuua. Parasetamoli, ambayo kila nyumba inaijua, hushusha homa. Ikizidi sana huharibu ini, na dalili kubwa zaweza kuchelewa siku mbili au tatu, wakati mgonjwa anajiona salama. Tena dawa hiyo huuzwa kwa majina mengi. Mama aweza kumpa mtoto dawa kutoka masanduku mawili tofauti, asijue kwamba yote mawili yana parasetamoli. Mtoto naye si mtu mzima aliyepunguzwa: kipimo chake huhesabiwa kwa kilo za uzito wake. Muuzaji anayekata kidonge nusu kwa kukisia amefanya hesabu bila namba.

Kisha huja elimu ya kutengeneza dawa na kuitunza. Hapa nachagua mfano mmoja, oksitosini, dawa ya shindano wanayopewa akina mama ili damu isitoke kupita kiasi baada ya kuzaa. Yapaswa kuwekwa penye baridi, kati ya digrii 2 na 8. Ikikaa muda mrefu katika joto hupoteza nguvu, lakini kichupa chake hakionyeshi chochote: maji ni maangavu vile vile, maandishi ni yale yale, tarehe haijapita. Mama huchomwa shindano, na damu haikomi. Aliyesoma huuliza umeme ulikatika kwa muda gani na dawa ilisafirishwa namna gani. Asipopata jibu la kuaminika, huiweka kando, hata kama imekwisha kulipiwa.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika dawa methali hiyo haitulindi, maana kibaya nacho hujiuza kikiwa kimevaa sanduku zuri. Ndugu zetu wa Ituri waliyaona hayo. Tangu mwisho wa mwaka 2014 na katika mwaka 2015, mamia ya wagonjwa, wengi wao watoto, walifika katika vituo vya afya wakiwa na shingo zilizokakamaa na nyuso zilizojipinda. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo jingine: vidonge vilivyoandikwa kuwa ni diazepam vilikuwa na haloperidol, dawa ya magonjwa makali ya akili. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo mwaka 2015. Hakuna jicho la muuzaji, hata liwe kali namna gani, ambalo lingetambua udanganyifu huo kwa kutazama tu. Ndiyo maana mwanafunzi wa famasia hupitisha saa nyingi katika maabara akipima, akiyeyusha, akilinganisha. Anazoezwa kutoliamini sanduku mpaka lithibitishwe.

Hatimaye hupelekwa kwenye mazoezi ya kazi, hospitalini na katika maduka ya dawa. Huko husoma karatasi ya daktari kwa makini, na akiona dawa mbili zisizopatana humrudia daktari kwa heshima na kumwuliza. Hujifunza pia sheria ya kazi yake. Na katika mapokeo ya vyuo vya lugha ya Kifaransa, mfamasia huapa kiapo kinachoitwa cha Galien, kwa jina la mganga wa kale, kwamba hatasahau wajibu wake kwa mgonjwa.

Najua nitakavyojibiwa. Wafamasia ni wachache, nao wanakaa mijini. Kijijini, usiku, mtoto anapochemka kwa homa, mama hana nafasi ya kutafuta mwenye diploma ya chuo kikuu. Huenda kwa yule aliye karibu, anayekubali kumwuzia vidonge viwili kwa fedha aliyo nayo. Hayo ni kweli, na simhukumu mama huyo hata kidogo. Wauguzi wengi wa vituo vya afya huwahudumia watu kwa uaminifu bila mfamasia karibu. Lakini uhaba wa wenye elimu haugeuzi kukisia kuwa elimu. Unatudai mambo mawili: vijana wengi zaidi wasome kazi hii kwa dhati, na asiyeisoma ajue mpaka wake, amwelekeze mgonjwa kwenye kituo cha afya badala ya kumjaribishia.

Tusijidanganye pia kwamba elimu peke yake yatosha. Kukataa kuuza ni kupoteza fedha ya leo, na fedha hiyo pengine ni karo ya watoto. Mwenye elimu bila dhamiri atajua kwamba dawa imeharibika, naye ataiuza. Mwenye dhamiri bila elimu atauza sumu kwa moyo mweupe. Mgonjwa anahitaji mtu aliye na vyote viwili.

Basi, kijana unayefikiria famasia, usijiulize kwanza itakulipa kiasi gani. Jiulize kama utaweza kumrudisha mteja mwenye fedha mkononi, ukimweleza kwa upole kwa nini humpi anachotaka. Nanyi wengine, mkienda kununua dawa, ulizeni ina nini ndani, imetunzwaje, na kipimo cha mgonjwa wenu ni kipi. Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, tafuteni mwingine. Akisema, "Hii siwezi kukupa," msiondoke mkinung'unika. Huenda huyo ndiye aliyesoma.