Maji Hayatakasi Moshi

Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja na Dar es Salaam, na siku hizi hata katika miji ya bara ambayo zamani haikuwa na habari ya jambo hili, limezuka neno la kujiliwaza ambalo wazazi wengi hulitamka bila ya kulitia katika mizani: "Mwanangu hanywi pombe, havuti sigara wala bangi, ni shisha tu." Mzazi akisha kusema hayo moyo wake hutulia, na kijana, ambaye macho yake hayabanduki usoni mwa mzazi hata anapojifanya hamtazami, huuchukua utulivu huo kuwa ni ruhusa. Nia yangu katika makala haya ni kuupinga utulivu huo, kwa sababu umejengwa juu ya dhana iliyo batili, nayo ni kwamba moshi ukipitishwa majini hutoka safi, na kwamba tumbaku ikitiwa ladha ya tufaha au nanaa huacha kuwa tumbaku.

Dhana hii si ya jana. Husimuliwa kwamba tumbaku ilipofika katika baraza ya Mfalme Akbar wa India, mwishoni mwa karne ya 16, tabibu wake, Hakim Abul-Fath Gilani, kwa kuihofia siha ya bwana wake, alitoa rai kwamba moshi upitishwe kwanza katika chombo cha maji ili upunguziwe madhara. Kisa hicho kiwe kweli au kiwe ngano, rai yenyewe imeishi zaidi ya miaka 400, ikirithishwa kinywa kwa kinywa, pasipo mtu kuidai burhani. Pwani yetu nayo ilikuwa na kiko chake cha maji tangu zama za wazee: bori ya udongo ya kutilia tumbaku, digali la kuuteremsha moshi, kifuu cha nazi chenye maji, na mdakale wa kuvutia, na aliyepita nje ya nyumba aliyasikia malio yake. Lakini tumbaku ya wazee wale ilikuwa kali, chungu na yenye kukereketa koo, hata mtoto aliyeiba pumzi moja aliadhibiwa na kikohozi papo hapo, akatoka mbio machozi yakimtiririka, na aghalabu hakurudi.

Ulinzi huo wa maumbile ndio ulioondolewa. Katika miaka ya 1990 ilienea kutoka Misri na nchi nyingine za Kiarabu tumbaku iitwayo muasali, ambayo huchanganywa na asali au uji mzito wa miwa, ikatiwa gliserini ili itoe moshi mwingi mweupe, kisha ikatiwa manukato ya zabibu, tikiti, nanaa na matunda mengine. Tumbaku hii haikereketi wala hainuki vibaya. Mtoto wa miaka 14 huweza kuivuta siku yake ya kwanza akatabasamu, na mama yake akimnusa nguo usiku hudhani ni harufu ya peremende. Sioni hila iliyo kubwa kuliko hii katika biashara yote ya tumbaku, kwa maana imemwendea mwanadamu kwa mlango wa utamu, mlango ambao watoto ndio wa kwanza kuufungua.

Naelewa kwa nini hoja ya maji imetukalia nyoyoni. Sisi tumelelewa katika itikadi ya kwamba maji ndiyo kitakasio: kwa maji tunatia udhu, kwa maji tunaosha maiti wetu, na chombo kilichoingia najisi hakirudi jikoni ila kwa maji. Lakini moshi hauoshwi kama chombo kioshwavyo. Unaposhuka majini huvunjika ukawa mapovu, na ndani ya kila povu moshi umehifadhika kama ulivyokuwa, ukigusana na maji kwa utando wa nje peke yake, tena kwa nukta moja tu, kisha povu hupanda juu, likapasuka, na vumbi lake jembamba pamoja na sumu zenye kuleta saratani huendelea na safari yake katika mpira wa kuvutia hata kifuani. Kazi ambayo maji huifanya kwa hakika ni kuupoza moshi, na kwa kuwa moshi uliopoa hauchomi, mvutaji huuvuta kwa kina zaidi na huuzuia ndani kwa muda mrefu zaidi. Maji hubakisha sehemu ya nikotini, ni kweli. Lakini mwili uliokwisha kuizoea nikotini haukubali kupunjwa, nao humwamuru mwenyewe aongeze pumzi mpaka apate kipimo chake. Kwa hiyo kile tukiitacho kitakasio ndicho kinachofanya sumu iingie bila ya kipingamizi.

Na hapo bado hatujalitaja kaa, ambalo mimi naliona kuwa ndilo jambo zito kuliko yote katika shauri hili, ingawa ndilo lisilotajwa kabisa. Shisha haiwashwi kwa kibiriti ikajiunguzia yenyewe. Hupikwa kwa makaa ya moto yanayowekwa juu ya tumbaku, yakitenganishwa nayo kwa karatasi ya alumini iliyotobolewa matundu, na kila pumzi anayoivuta kijana huichukua hewa ya makaa yale pamoja na moshi wa tumbaku. Mkazi wa Njombe, wa Mbeya au wa Limuru, ambako baridi ya Juni na Julai huwashurutisha watu kuingiza jiko la makaa chumbani wakafunga madirisha, hana haja ya kufundishwa ni hewa gani hiyo, kwani amekwisha kuzika majirani waliolala salama na wasiamke. Jina lake ni kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, maji hayaizuii kwa kuwa haiyeyuki majini ila kidogo sana, na ikifika katika damu hushikamana na hemoglobini, iliyo mchukuzi wa oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, hata damu ikawa inazunguka mwilini ilhali haina cha kuupa ubongo. Kile ambacho vijana hukiita stimu, yaani kichwa kuwa chepesi, miguu kulegea na ukumbi kuzunguka, wakakihesabu kuwa ndiyo raha waliyoilipia, kwa sehemu kubwa ni nikotini pamoja na ubongo unaokosa hewa. Matabibu wamekwisha kuwapokea wavutaji wa shisha waliozimia, wenye maumivu makali ya kichwa na kutapika, na walipowapima damu wakakuta ni sumu ya makaa.

Wenye kuitetea husema tena: "Lakini hii shisha yetu haina tumbaku, ni ya mitishamba." Makaa yake je, nayo ni ya mitishamba? Moshi wa majani yo yote yaliyounguzwa hubeba lami, na kaa la moto halibadili tabia yake kwa kuwekewa kitu kingine chini yake.

Kuhusu wingi wa moshi, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari yake tangu mwaka 2005. Mvutaji wa sigara huvuta pumzi 8 hadi 12 katika dakika chache, akaitupa. Aliyeketi na shisha huweza kukaa saa nzima, akivuta pumzi mara 50, mara 100, hata 200, nazo ni pumzi kubwa, kiasi ambacho moshi uliopita kifuani mwake kwa kikao kimoja huweza kulingana kwa ujazo na moshi wa sigara 100 au zaidi. Insafu yanitaka niseme kwamba ujazo wa moshi si sawasawa na kipimo cha sumu, na asiseme mtu kwamba nikotini yake nayo ni ya sigara 100. Lakini hata baada ya kuipunguza hesabu hiyo kwa haki, bado kijana aliyejivunia kutoigusa sigara ameondoka ukumbini na nikotini ya kutosha kumtia utumwani, na kaboni monoksidi nyingi kuliko ya mvutaji wa sigara aliyemdharau. Mdomo wa mpira unaopokezanwa na watu watano, katika nchi ambazo kifua kikuu hakijatutoka, ni habari nyingine ambayo yatosha kuitaja.

Basi na tuirudie hoja ya mzazi, ya kwamba afadhali shisha kuliko kubwa zaidi. Hoja hii ina sura ya hekima, lakini ndani yake haina kitu, kwa sababu yadhani kwamba kijana ana nafasi moja ya uovu, na kwamba ikijazwa na dogo, kubwa halitapata pa kuketi. Mambo hayaendi hivyo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2015, uliowafuatia vijana wasiokuwa wakivuta sigara, ulionyesha kuwa waliokwisha kuonja shisha walielekea kuanza sigara baadaye kuliko wenzao wasioionja. Wala chombo chenyewe si cha kuaminika: kuna watiao pombe mahali pa maji, na kuna wachanganyao bangi na tumbaku, na kijana aliyepokezwa mpira gizani hana njia ya kujua. Wako pia wenye kuitafutia shisha kinga katika dini, wakisema kwamba pombe imeharimishwa waziwazi na shisha haikutajwa, kana kwamba sheria iliyokuja kuihifadhi nafsi ya mwanadamu inahitaji kuorodhesha kila sumu kwa jina. Na wanavyuoni wengi wa zama hizi wamekwisha kufutu kuwa tumbaku ni haramu kwa madhara yake.

Serikali zetu hazikunyamaza. Uganda iliizuia shisha kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, Tanzania ikaipiga marufuku mwaka 2016, na mwezi wa Desemba 2017 Rwanda na Kenya zikafuata. Hata hivyo mwezi wa Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachia huru watu walioshitakiwa kwa ajili ya shisha, kwa kuwa kanuni za marufuku hazikupelekwa Bungeni kama ilivyopasa, na mara watu wakatangaziana kwamba sasa imekuwa halali. Hukumu ile ilihusu utaratibu wa kutunga kanuni, wala haikusema neno la kuutakasa moshi. Tena yafaa tukiri kwamba askari hawezi kuingia kila ukumbi na kila roshani, ilhali sisi wenyewe tunaitandika shisha katika arusi zetu, mbele ya watoto waliovishwa nguo za sikukuu, tukiihesabu miongoni mwa mapambo ya heshima.

Kwenu vijana nina neno moja: ubongo wenu ungali unakua mpaka kiasi cha miaka 25, na mwenye kuwauzia hewa ya makaa kwa jina la tufaha anajua anachokiuza. Kwenu wazazi wenzangu, nawasihi muiondoe shisha katika arusi inayofuata katika ukoo wenu, msingoje ya jirani. Mwiteni mtoto mkae naye, mmweleze habari ya makaa kabla ya habari ya adhabu, kwani fimbo haijamtoa mtu nikotini. Na mkiona kwamba amekwisha kufungwa nayo, hata akikosa siku mbili huwa na hasira, hana usingizi wala hawezi kutulia na kitabu, mpelekeni kwa tabibu kama mgonjwa mwingine ye yote, na mfanye hivyo mapema.